Ubongo Unaozeeka Mapema

Kwa kawaida chembe ya mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46. Mwaka 1959, huko Ufaransa, Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watu wenye sindromu ya Down wana 47, kwani kromosomu ya 21 ni tatu badala ya mbili.

Kromosomu hiyo hubeba jeni ya protini ambayo, ikikatwakatwa, hutoa amiloidi. Jeni tatu huizidisha, nayo hurundikana ubongoni. Chembe za ulinzi ziitwazo mikroglia huja kuisafisha. Lakini zikichokozwa miaka mingi bila kupumzika, hudhuru hata chembe za neva zilizo nzima. Ndiyo maana, wafikapo umri wa miaka 40, karibu wote huwa na alama za maradhi ya Alzheimer ubongoni, na wengi huanza kupoteza kumbukumbu baada ya miaka 50.

Maarifa haya yana kazi hata vijijini Kasulu na Kibondo. Mtu mzima wa namna hiyo akianza kusahau njia ya kisimani aliyoizoea, tusiseme ndivyo alivyozaliwa, wala kwamba amerogwa. Apelekwe hospitali kwanza: huenda tatizo ni upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, nao una dawa.