Mchagua Kiatu Si Mkimbiaji?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Sisi wana wa Trans Nzoia, tuliozaliwa na kulelewa katikati ya mahindi, methali hii tumeisikia tangu utotoni. Lakini je, mchagua kiatu naye si mkimbiaji? Swali hili lilininyima usingizi muhula mzima wa kwanza, na leo nimeshika kalamu ili nikueleze nilikofika nalo.

Mambo yalikuwa hivi. Katika mashindano ya kaunti ndogo nilikimbia mita 5,000. Watatu wa kwanza ndio waliochaguliwa kwenda ngazi ya kaunti. Mimi nilikuwa wa nne. Kijana aliyekuwa wa tatu alinipita katika mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 16 na sekunde 8. Mimi nilimaliza kwa dakika 16 na sekunde 12. Sekunde nne tu! Yeye alikuwa amevaa viatu vya soli nene kama kipande cha mkate. Mimi nilikuwa na raba zangu zilizolika visigino.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazoezini na kikundi chetu cha barabara ya vumbi. Humo mna mwendesha boda boda, askari wa usiku, mwalimu mstaafu na sisi wanafunzi. Hakuna anayelipwa hata ndururu. Tunakimbia kwa kupenda.

"Wewe hukushindwa na mtu, ulishindwa na kiatu," akasema yule wa boda boda.

"Wacha maneno yako!" askari akamkata kauli. "Kiatu haina mapafu."

Mwalimu mstaafu akacheka. "Sisi enzi zetu tulikimbia na raba za turubai, wengine miguu mitupu, na hakuna aliyeulizana habari za soli."

"Hiyo ilikuwa zamani, Mwalimu. Siku hizi ni teknolojia."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hivyo viatu ni pesa ngapi?" Nikamwambia kuwa vya mitumba nimeviona sokoni kwa shilingi 4,500. Akamtazama mbuzi wetu aliyefungwa nyuma ya jikoni. "Basi tutamuuza huyu," akasema. Moyo ulinipasuka, kwa maana mbuzi huyo ndiye tuliyemtegemea kwa pesa za chakula cha mchana shuleni, mimi na dada yangu mdogo. Nikamwambia, "Mama, tafadhali ngoja kwanza. Nipe muda nichunguze."

Waliotutangulia walivaa nini?

Nilianza na historia. Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kwa hivyo bingwa ni bingwa, ana viatu au hana.

Hata hapa kwetu tunao mashujaa. Ben Jipcho, mwana wa Mlima Elgon, mlima huu tunaouona Kitale na Bungoma pia, alivunja rekodi ya dunia ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Helsinki mwaka 1973, akatumia dakika 8 na sekunde 14. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alishinda dhahabu mbili na shaba moja. Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi, jirani zetu, alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York mwaka 1994. Mwaka 1999 mjini Berlin aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Wakati huo viatu vyenye bamba la kaboni vya siku hizi havikuwa vimeingia sokoni.

Naye Linet Masai, mzaliwa wa Kapsokwony, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2009 mjini Berlin. Mwenzake wa Ethiopia, Meselech Melkamu, alianza kushangilia kabla ya kufika utepeni. Linet akajitupa mbele na kumshinda kwa sehemu ya kumi ya sekunde! Hapo hapakuwa na habari ya kiatu. Ilikuwa ni kutokata tamaa.

Nilipofika hapa nilidhani nimepata jibu. Kumbe bado.

Kiatu kinafanya nini hasa?

Mguu unapokanyaga chini, sehemu ya nguvu tuliyotumia hupotea bure. Soli ya kiatu hubonyea kama godoro, kisha hurudi juu. Godoro kuukuu likibonyea halirudi vizuri, lakini mpira uliojaa upepo hurudi kwa nguvu. Mwaka 2017 kampuni ya Nike ilianza kuuza viatu vinavyoitwa Vaporfly. Soli yake ni ya sponji nyepesi sana, na ndani yake mna bamba la kaboni lililopinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapima wakimbiaji 18 hodari. Waligundua kwamba sponji hiyo hurudisha asilimia 87 hivi ya nguvu inayobonyezwa ndani yake, na kwamba mkimbiaji huokoa wastani wa asilimia 4 ya nguvu akilinganishwa na aliyevaa viatu vingine vya mashindano.

Watu wengi husema siri ni lile bamba. Lakini watafiti walipolikata bamba hilo vipande vipande, faida ilipungua kidogo tu. Kwa hivyo kazi kubwa hufanywa na sponji. Tena, kwa watu wanaokimbia polepole faida ni ndogo kuliko kwa mabingwa.

Jambo la pili ni uzito. Kila gramu 100 zikiongezwa katika kila kiatu, mwili hutumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 1. Nilizipeleka raba zangu kwa mwenye duka, akanipimia kwenye mizani ya sukari. Raba moja kavu ilikuwa na gramu 320. Ikiwa na tope la Kitale ilifika gramu 410! Basi nilikuwa nikibeba tope bure mazoezi mazima.

Jambo la tatu ni sheria. Mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliamua kuwa soli ya viatu vya barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Tangu Novemba 2024, viatu vya mbio za uwanjani haviruhusiwi kuzidi milimita 20. Sheria hii si mchezo. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza katika marathoni ya Vienna, kisha akanyang'anywa ushindi kwa sababu soli zake zilikuwa na milimita 50. Ushindi akapewa Mkenya, Leonard Langat.

Jaribio letu Bungoma

Likizo ya Aprili nilipanda matatu, nikapitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye hadi Bungoma kwa binamu yangu. Yeye pia ni mkimbiaji, na alikuwa amenunua viatu vya soli nene vya mitumba. Bahati nzuri sote tunavaa nambari 8. Tukapima soli kwa rula: milimita 38. Kiatu kimoja kilikuwa na gramu 230.

"Tujaribu, tuache kubishana," akasema binamu.

Tulikimbia kilomita moja mara nne kila asubuhi. Kwanza raba, kisha viatu vyake mara mbili, kisha raba tena. Tulipanga hivyo kwa sababu ukianza na raba zote na kumaliza na viatu vyote, uchovu utakudanganya. Hili nililijua kutokana na somo la fizikia. Kumbe lina kazi!

Matokeo yetu yalikuwa haya. Kwenye lami, viatu vyake vilikuwa mbele kwa sekunde 2 kwa kila kilomita. Kwenye nyasi, sekunde 1. Kwenye murramu iliyonyeshewa, hakukuwa na tofauti; binamu hata aliteleza, nusura aanguke. Huu si utafiti wa chuo kikuu. Sisi ni watu wawili tu na saa moja ya mkononi. Lakini sikuweza kuficha hesabu. Sekunde 1 kwa kilomita, mara kilomita 5, ni sekunde 5. Mimi nilishindwa kwa sekunde 4. Basi yule wa boda boda hakusema uongo: huenda kiatu kilichangia.

Nilirudi Kitale nikiwa na huzuni, nikamwona mbuzi wetu akitafuna majani bila kujua yanayomngojea.

Daftari la Mwalimu

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa michezo, nikamweleza hesabu zangu. Hakubishana nami. Alifungua daftari lake tu. Kumbe siku ya mashindano aliandika muda wangu wa kila mzunguko! Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Wastani wangu ulikuwa sekunde 78 hivi kwa mzunguko. Lakini mzunguko wa kwanza nilitumia sekunde 66, na wa kumi na moja nilitumia sekunde 84.

"Unaona?" akaniuliza. "Ulitoka kama mwizi anayefukuzwa. Sekunde ulizookota mwanzoni ulizilipa mwishoni, na riba juu yake."

Niliona haya. Kisha akanieleza juu ya marehemu Kelvin Kiptum. Alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago, Oktoba 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili dakika 59 na sekunde 47. Alikuwa na viatu vya kisasa, ndiyo. Lakini hata wapinzani wake walikuwa navyo. Kiatu hakikumwambia aanze pole.

Basi nikafunga kibwebwe. Jumatatu nilikimbia polepole. Jumanne nilikimbia mita 400 mara nane, kila moja kwa sekunde 77, bila kuzidisha wala kupunguza. Alhamisi ilikuwa fatileki, neno la Kiswidi lenye maana ya mchezo wa kasi: dakika moja ya haraka, moja ya pole. Jumamosi tulikwenda kilomita 14 na kikundi chetu. Jumapili nilipumzika, kwa maana mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Raba nazo nilizipeleka kwa fundi wa viatu akazitia visigino vipya kwa shilingi 150. Maumivu ya ugoko yaliyokuwa yakinisumbua yakapungua.

Pia tuna bahati ya mahali. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, na mwili uliozoea hutengeneza chembe nyingi zaidi za damu nyekundu za kubebea oksijeni. Binamu alipokuja Agosti alihema kama mbwa wa mwindaji. Akaniambia, "Hii hewa yenu imechujwa!" Hewa hii hatuinunui, ndugu zangu.

Baada ya wiki sita nilikimbia tena mita 5,000 katika uwanja wetu, peke yangu, huku mwalimu akishika saa. Mzunguko wa kwanza nilitumia sekunde 77. Nilimaliza kwa dakika 15 na sekunde 58. Nilikuwa nimepunguza sekunde 14, na raba ni zile zile.

Hitimisho

Mpenzi msomaji, sitakudanganya. Kiatu kizuri kinasaidia. Mkulima mwenye jembe butu atalima, lakini atachelewa. Wakimbiaji wawili wakilingana kwa mazoezi, mwenye kiatu bora atapita, na mwana wa maskini ataumia. Hilo si haki. Ndiyo maana naomba chama cha michezo kianzishe sanduku la viatu: anayemaliza Kidato cha Nne awaachie wadogo zake viatu vyake vya mbio, na fundi avitengeneze. Na siku ya mashindano rula iwepo uwanjani, kwa maana sheria isiyopimwa ni hadithi.

Lakini kabla hujamwomba mzazi wako auze kitu, uliza kwanza daftari la mizunguko linasema nini. Mimi sekunde nne nilizitafuta sokoni, kumbe kumi na nne nilikuwa nazo miguuni.

Mbuzi bado yuko nyuma ya jikoni. Mama aliponiuliza habari ya viatu nilimwambia, "Tumwache, Mama." Akatabasamu, akaendelea kupalilia. Jembe lake limelika nusu, na hajawahi kulichagua.

Kalamu yangu naitua hapa. Tukutane uwanjani muhula wa kwanza.