Uzi: Mafaili ya ardhi yakishaingia kwa kompyuta, unyakuzi umeisha?

1/ Sheria yetu mnaijua: hapa tunaeleza hoja, hatutaji mwanasiasa wala chama. Leo tuko na hoja ambayo haikosi kwa mikutano ya hadhara: "Mafaili ya ardhi yameingia kwa kompyuta, unyakuzi umeisha." Upande wa pili nao hujibu: "Hiyo kompyuta ndiyo watatuibia nayo."

2/ Nimeisikia tena juzi pale Burma. Kwa wasiopajua, Burma ni soko la nyama upande wa Shauri Moyo, karibu na Jogoo Road na City Stadium. Unachagua nyama, inachomwa, na siasa inaanza kabla ugali haujafika.

3/ Mezani kulikuwa na mzee mwenye kibanda na kijana aliyepata kibarua cha kuskani mafaili ya serikali, mkataba wa miezi mitatu. Mzee akamwambia, "Kijana wangu, nyinyi ndio mtatupoteza." Kijana akajibu, "Mzee, mimi nabonyeza tu skana." Watu wakacheka. Lakini hilo jibu la "nabonyeza tu" ndilo limenifanya niandike uzi huu. Hiyo kazi si kubonyeza tu.

4/ Kwanza, ni nini kinaskaniwa? Watu hudhani ardhi ni karatasi moja, ile hati miliki unayoweka chini ya godoro. La. Serikalini kipande kimoja cha ardhi kina karatasi za aina tatu hivi: daftari au kadi inayoonyesha nani amemiliki na lini, faili la barua na mikataba, na ramani ya wapima ardhi. Ramani ziko Ruaraka, kwa wapima ardhi wa serikali. Hivi vitatu vinatakiwa viseme kitu kimoja. Visiposema kitu kimoja, hapo ndipo kesi huzaliwa.

5/ Nairobi kulikuwa na tatizo la ziada. Kwa miaka mingi ardhi ilisajiliwa chini ya sheria kadhaa tofauti, nyingine za enzi ya mkoloni, na kila sheria na masjala yake na namba zake. Jiji moja, vitabu viwili. Dalali mjanja aliweza kutoa hati upande huu huku upande ule kuna hati nyingine ya udongo uleule. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ndiyo iliyoweka mfumo mmoja, na namba za zamani zikaanza kubadilishwa kuwa mpya.

6/ Na masjala zenyewe? Mnakumbuka Mei 2014, masjala ya Ardhi House pale Ngong Road ilifungwa kwa siku kadhaa ili mafaili yapangwe upya. Kila Mkenya aliyewahi kufuatilia shamba anaijua ile sentensi: "Faili halionekani, rudi wiki ijayo." Ukirudi na kitu kidogo, faili linaonekana siku hiyohiyo. Ni muujiza.

7/ Ndiyo maana Ardhisasa, jukwaa la ardhi la serikali mtandaoni, lilipozinduliwa 27 Aprili 2021 likianzia Nairobi, wengi walifurahi. Unaingia kwa simu, unafanya sachi, unaona jina la mwenye ardhi bila kumbembeleza mtu dirishani. Hii ni faida ya kweli, tusiidharau. Anayesema mtandao haujasaidia chochote hajawahi kupanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi.

8/ Sasa turudi kwa kijana wetu wa skana. Kazi yenyewe, ikifanywa vizuri, ina hatua kama sita. Moja, faili linapokelewa na kuandikwa: namba gani, limetoka rafu gani, nani amelileta. Mbili, kurasa zinahesabiwa. Kurasa za faili la serikali hupewa namba, kwa hivyo ukiona 14 halafu 16, unasimama. Unaandika kwamba 15 haipo. Huendelei kama mtu hajaona.

9/ Tatu, pini zinatolewa, kona zilizokunjika zinanyooshwa, karatasi iliyochanika inashikwa vizuri. Nne ndiyo skana. Tano, maelezo yanaingizwa: namba ya kiwanja, jina, ukubwa, tarehe. Sita, mtu mwingine, si yule wa kwanza, analinganisha picha na karatasi kabla faili halijarudi rafuni.

10/ Hatua ya tano ndiyo hatari kuliko zote, na ndiyo hupewa mtu mgeni kazini. Kiwanja 1274 kikiandikwa 1247, hakuna kengele italia. Picha iko, imeskaniwa vizuri kabisa, lakini ukitafuta 1274 mtambo utasema hakuna. Faili la karatasi lililopotea linaweza kuonekana nyuma ya kabati. Faili la kompyuta lililoandikwa namba mbaya liko pale mbele yako na hulioni.

11/ Majina nayo. Mama ameitwa Wanjiku kwenye hati ya 1978, kitambulisho kinasema Margaret, na aliyerithi anaitwa kwa jina la baba. Karani anayekimbizana na idadi ya mafaili ya siku ataandika lile linaloonekana kwanza. Miaka kumi baadaye familia inaenda mahakamani kuthibitisha kwamba Wanjiku na Margaret ni mtu mmoja.

12/ Sasa hoja ya kwanza: "Kompyuta imemaliza unyakuzi." Hapana. Skana inanakili kile inachopewa. Ukiipa hati ya wizi, itatoa picha safi ya hati ya wizi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikadiria kwamba hati takriban 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria au utaratibu kati ya 1962 na 2002. Ardhi ya shule, ya barabara, ya masoko, hata makaburi. Hati hizo zilikuwa na muhuri na sahihi, na zilikaa masjalani kama zile nyingine zote. Mvulana wa skana atajuaje?

13/ Hajui, na si kazi yake kuamua. Kazi yake ni kuhakikisha ushahidi haupotei. Hapa ndipo sheria inaingia. Katiba, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria ya 2012, kifungu cha 26, inasema hati yaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi.

14/ Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitia msumari, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni. Kampuni ilinunua na ilikuwa na hati. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi. Tuonyeshe ardhi hii ilitokaje mikononi mwa umma tangu mwanzo. Kwa kuwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, mnunuzi wa mwisho hakulindwa.

15/ Soma hiyo tena polepole. Kama mahakama inauliza mzizi, basi kinachoamua kesi si ukurasa wa mwisho wa faili wenye jina la mwenye ardhi leo. Ni zile barua za mwanzo: nani aliomba, nani aliidhinisha, kiwanja kilitengewa nini. Zile karatasi za manjano ambazo mtu mwenye haraka atasema, "Hizi za zamani tuache, tuskani tu hati." Mnyakuzi hahitaji kubadilisha jina kwa kompyuta. Anahitaji ukurasa wa 15 usiskaniwe.

16/ Hoja ya pili: "Kompyuta ndiyo njia mpya ya kuiba." Inaweza kuwa, lakini inategemea vitu viwili. Cha kwanza, kila karani ana nywila yake? Kama watu wanane wanatumia nywila moja iliyobandikwa ukutani, hakuna atakayejulikana alibadilisha nini. Kama kila mtu ana yake, mtambo unaandika nani alifungua faili, saa ngapi, akagusa nini. Rafu ya mbao haijawahi kuweka rekodi kama hiyo.

17/ Cha pili, karatasi inaenda wapi baada ya kuskaniwa? Sikiliza vizuri mtu akisema "tutaachana na makaratasi." Kumbukumbu za umma hazichomwi kwa amri ya mkubwa wa ofisi, kuna sheria ya nyaraka za taifa, Sura ya 19, na idhini hutafutwa kwa mkurugenzi wa nyaraka. Picha ni ya kutumia kila siku. Karatasi ni ya siku mtu akisema picha ni feki.

18/ Hoja ya tatu: "Tutaajiri vijana maelfu wadijitishe kumbukumbu." Vizuri, kazi inatakikana. Lakini uliza mkataba ni wa muda gani, mshahara unalipwa lini, na kuna mafunzo ya siku ngapi. Kijana ambaye hajalipwa miezi miwili, anashika faili la kiwanja cha mamilioni, na mtu anamngoja nje na bahasha: huyo tumemtega sisi wenyewe. Na akilipwa kwa idadi ya mafaili peke yake, atakimbia. Hatahesabu kurasa.

19/ Kuna mfano jirani. Rwanda, kati ya 2009 na 2013, ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Waliofanya kazi kubwa mashinani walikuwa wenyeji waliofunzwa upimaji wa msingi, si maprofesa. Siri yao? Mpaka ulionyeshwa majirani wakiwa wamesimama palepale, na anayepinga akapewa nafasi ya kupinga. Kazi ya mtu wa ngazi ya chini ilionekana na watu. Ya kwetu hufanyika nyuma ya mlango, na mwananchi huona matokeo tu.

20/ Mzee wa Burma atasema: mimi sina hata hati, hii inanihusu nini? Mzee, inakuhusu sana. Soko la umma ni ardhi ya umma. Kwa Katiba, kifungu cha 62, ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakazi, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ardhi ya umma ambayo haijasajiliwa ikiingia kwa mtambo inaonekana kama nafasi tupu. Nafasi tupu kwa ramani ndiyo chakula cha wanyakuzi.

21/ Halafu kuna daftari la vibanda. Tumeona Gikomba hapo karibu: moto umerudi mara nyingi, na kila majivu yakipoa swali ni lilelile, nani alikuwa wapi? Mwenye risiti za ushuru na jina kwenye daftari ana la kusema. Asiye na kitu anaambiwa hakuwepo, hata kama ameuza pale miaka ishirini. Soko likijengwa upya ni hivyohivyo. Kwa mwenye kibanda, lile daftari ndilo hati yake.

22/ Kwa hivyo mkutanoni, mtu akisimama na kusema "ardhi sasa ni dijitali", msipige makofi kwanza. Muulize: Je, mliskani faili zima au hati tu? Kurasa zilizokosekana zimeandikwa wapi? Nani anahakiki kazi ya karani? Karatasi za asili ziko wapi? Soko letu limesajiliwa kwa jina la nani? Daftari la vibanda limeingizwa, na sisi tunaweza kulisoma?

23/ Asipojibu, sheria ipo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma kuomba kumbukumbu, na wao wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman. Andikeni kama chama cha wafanyabiashara, si mtu mmoja mmoja. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

24/ Na wewe kijana wa skana, kama unasoma hii: siku ukikuta 14 halafu 16, andika. Andika tarehe, andika namba ya faili, mwonyeshe msimamizi, atie sahihi. Unaweza kuwa mtu wa mwisho kushika lile faili kabla halijarudi gizani. Mkataba wako ni wa miezi mitatu. Kesi ya kile kiwanja inaweza kuja baada ya miaka thelathini, na hakimu atataka kujua ukurasa wa 15 ulitoweka kabla yako au baada yako.

25/ Tumefika. Wenye vibanda Burma, Gikomba, Muthurwa, hebu tuambieni hapo chini: jina lako liko kwa daftari la soko, na ulilionaje? Msitaje jina la mtu wala chama. Wiki ijayo tunaeleza ushuru wa soko: unakusanywa na nani, na unatakiwa kurudi sokoni vipi.