Skonzi za Pasaka Nyumbani: Tuanze na Unga



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia kwisha, akina mama hutuuliza swali lile lile: tufanye nini ili watoto wapate kitu kitamu asubuhi ya Pasaka bila kumaliza fedha yote dukani? Safari hii tunajibu kwa skonzi. Ni zile skonzi laini zenye mdalasini, iliki na matunda makavu ndani, na alama ya msalaba juu. Waingereza wana desturi ya kuzila Ijumaa Kuu. Kwetu Wakatoliki Ijumaa Kuu ni siku ya kufunga, basi tutazikanda Jumamosi mchana, tuzile Jumapili baada ya Misa.

Huenda msomaji akauliza, mapishi yanafanya nini katika ukurasa wa afya? Jibu limo ndani ya debe la unga. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Huku kwetu Newala na Masasi hizo ni siku za mvua. Fedha ya korosho imekwisha zamani, mahindi mapya bado hayajakauka vizuri, na chakula kilichobaki katika nyumba nyingi ni muhogo. Ngano ni ya kununua. Kwa hiyo mama mwenye busara huchanganya unga wa ngano na unga wa muhogo ili skonzi ziwe nyingi. Anafanya vema, nasi tunamuunga mkono. Lakini unga huo wa muhogo ndio ule ule wanaosongea ugali watoto siku zote za mvua, na si kila unga wa muhogo ni salama.

Muhogo mchungu na ugonjwa wa miguu

Wazee wetu wanajua kwamba muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo ni sianidi. Katika mwaka wa ukame huongezeka, hata mihogo tuliyoizoea ikawa michungu kuliko kawaida. Mtu akila muhogo wenye sumu nyingi kwa mara moja, huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kutapika, na wengine hufa. Hilo watu wengi wanalifahamu.

Lisilofahamika sana ni konzo. Huu ni ugonjwa unaoshika miguu yote miwili kwa ghafla. Mtoto analala mzima, asubuhi akiamka magoti yanagongana, miguu imekakamaa, hawezi kutembea sawasawa. Hauambukizi, wala si kurogwa, kama majirani wanavyonong'ona. Kinachosikitisha ni kwamba miguu iliyokwisha kushikwa hairudi kuwa kama zamani. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Hutokea pale ambapo familia imekula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo, bila maharage, samaki, mayai au nyama pembeni. Mwili unahitaji vyakula hivyo vya kujenga mwili ili uweze kuiondoa sumu.

Jina konzo limetoka Kongo, katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hapa Tanzania ugonjwa huu ulionekana Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea huku kusini, Mbinga na mkoani kwetu Mtwara. Si habari ya mbali.

Tuseme wazi ili tusimtishe mtu: skonzi moja au tatu za Pasaka hazileti konzo. Tunachotaka ni kwamba mama, akiwa anautengeneza unga wa sikukuu, ajifunze njia ambayo ataitumia pia kwa unga wa ugali siku zinazofuata.

Njia ya kulowesha unga

Kuloweka muhogo kwenye maji siku tatu au zaidi, mpaka ulainike, huondoa sumu nyingi. Lakini nani wa kutuambia tuloweke muhogo, sisi wa juu ya uwanda, ambako ndoo moja ya maji huweza kuwa na safari ya kushuka na kupanda mlima? Ndiyo maana wengi wetu tunaumenya, tunaukata, tunauanika juani kuwa makopa, kisha tunautwanga. Njia hiyo ni rahisi, lakini ndiyo dhaifu. Kipande kikikauka kikiwa kizima, sehemu kubwa ya sumu hubaki ndani. Kupika peke yake hakuimalizi.

Ipo njia nyingine isiyotaka maji mengi, nayo ilitafutwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Weka unga mkavu wa muhogo katika bakuli na utie alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzo unga utashuka chini ya alama, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Sasa utandaze unga huo mbichi juu ya mkeka au sinia safi, unene usizidi sentimeta moja, yaani kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5 siku ya mawingu. Basi. Tumia unga huo siku hiyo hiyo, maana ukilala utachacha.

Kinachofanyika ni hiki: ndani ya unga wenyewe mna kitu cha asili kinachovunja sumu, lakini hakifanyi kazi kikiwa kikavu. Kikipata maji kinaamka, sumu inageuka kuwa hewa na kutoka. Ndiyo sababu unga hutandazwa mwembamba, na kazi hiyo hufanywa nje, si ndani ya chumba. Unga uliokwisha kukaangwa haufai kwa njia hii, kwa sababu moto umekiua kile kitu cha kuvunja sumu.

Kule Kongo, katika kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka, akina mama walianza kuutengeneza unga wao hivyo mwaka 2010, na wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana tena wakati wa kazi ile. Walikuwa akina mama kama sisi, wenye bakuli na mkeka tu.

Matunda: tusidharau mabibo

Zabibu kavu za dukani ni nzuri, lakini bei yake tunaijua. Sisi tunayo mabibo. Kila msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, mabibo huanguka chini ya mikorosho tukaokota korosho tu. Yanayobaki huoza pale pale au huishia kwenye uraka. Bibo bichi lina vitamini C kuliko chungwa, karibu mara tano. Likikaushwa vitamini hiyo hupungua sana, hatutaki kudanganya, lakini utamu unabaki na tumbo linanufaika na nyuzinyuzi zake.

Bibo hukaza ulimi na koo. Ili kupunguza ukali huo, lioshe, lichomwe kwa mvuke dakika 10 hivi, kisha likatwe vipande vyembamba na kuanikwa juu ya kichanja chini ya chandarua safi, mbali na nzi, mpaka vipande vikunjike bila kutoa maji. Hifadhi katika kopo linalofunga vizuri. Mwaka mmoja sisi wenyewe tuliyatia koponi yakiwa bado na unyevu, tukaja kulifungua wiki ya mateso na kukuta harufu ya pombe na utandu wa kijani. Tulitupa kopo zima. Tusijaribu kukwangua ukungu na kula kilichobaki, kwa kuwa sumu ya ukungu huingia ndani kuliko macho yanavyoona. Mabibo makavu ya sokoni mara nyingi yamekaushwa mchangani kwa ajili ya pombe, basi hayo tuyaache.

Asiyekausha mabibo msimu uliopita asikate tamaa. Embe kavu au papai kavu vinafaa, hata ndizi mbivu iliyopondwa. Korosho nazo zitiwe, ila zisagwe au zitwangwe kwa ajili ya watoto wadogo, kwani korosho nzima huweza kumkaba mtoto.

Kukanda

Tumia kikombe kimoja hicho hicho, cha robo lita, kwa vipimo vyote. Chukua vikombe 4 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha unga wa muhogo uliokwisha kuloweshwa na kutandazwa. Usizidishe muhogo kuliko hapo, maana ngano ndiyo yenye kunata, na muhogo ukizidi skonzi haziumuki. Ongeza sukari vijiko 4 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, hamira kijiko 1 cha chakula, mdalasini wa unga vijiko 2 vya chai, iliki kijiko 1 cha chai, karafuu robo kijiko, na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu kwa ncha ya kisu. Kungumanga nyingi inadhuru, wala haiongezi utamu.

Changanya na mafuta au siagi vijiko 4 na yai 1. Halafu tia maziwa au tui la nazi, vuguvugu, kikombe 1 kwanza. Unga wa muhogo tayari una maji yake, kwa hiyo usikimbilie kumimina zaidi. Maziwa yawe yamechemshwa na kupozwa mpaka kidole kivumilie. Yakiwa ya moto yanaiua hamira. Kanda dakika 10 nzima. Watoto wakubwa wasaidie, wakiwa wamenawa kwa sabuni. Mwishoni kunja ndani kikombe 1 cha matunda na korosho.

Funika, weka mahali penye joto, subiri mpaka donge liwe mara mbili. Siku ya mvua huchukua hata saa moja na nusu. Kata madonge kama 16, viringisha, panga katika sufuria iliyopakwa mafuta, uyaache tena nusu saa. Koroga unga wa ngano na maji uwe uji mzito, uchore nao misalaba.

Moto

Wenye oveni ni wachache, na hatuihitaji. Sufuria kubwa yenye kifuniko cha bati, mchanga mkavu chini, sufuria ndogo juu ya mchanga, mkaa kidogo chini na mwingi zaidi juu ya kifuniko. Hivyo ndivyo tunavyopalia wali, na skonzi huiva vile vile, kwa dakika 25 hivi. Ukiigonga chini ikalia kama ngoma ndogo, imeiva.

Hapa tunawasihi sana. Jumamosi Kuu mara nyingi hunyesha, na mtu hushawishika kuliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona usingizi, akilala haamki. Watoto na wajawazito hudhurika upesi zaidi. Oka barazani au katika jiko la nje lenye upenyo wa hewa. Kama mvua imezidi, subiri ikatike. Donge likifunikwa linaweza kungoja. Ukiisha kuoka, usiulaze mkaa chumbani ili kupata joto. Akitokea mtu aliyezidiwa, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Na watoto wasitupe korosho zenye maganda katika moto wa skonzi. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua.

Nani ale kiasi gani

Mwenye kisukari anaweza kula skonzi moja pamoja na maharage au yai, si tatu pamoja na chai ya sukari. Skonzi na yai la kuchemsha ni chakula kizuri cha asubuhi kwa mtoto, kuliko skonzi na soda. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, sikukuu au si sikukuu.

Zikipoa kabisa, zifunge kwa kitambaa safi na kuziweka kwenye chombo chenye kifuniko. Wakati wa mvua hukaa siku mbili, labda tatu. Za Jumatatu ya Pasaka zirudishwe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika 5, zitalainika tena. Yenye doa la ukungu tusimpe mtoto, wala kuku.