Kusafisha Nta ya Nyuki kwa Ajili ya Mishumaa

Nta ni zao la nyuki vibarua walio wachanga. Kibarua huitoa katika vigamba vyembamba kupitia tezi zilizo upande wa chini wa tumbo lake, kisha huitafuna na kuijengea sega. Ikitoka mwilini huwa nyeupe. Uchafu huja baadaye. Sega lililokaa mzingani hushika asali, chavua, gundi ya nyuki na maganda ya majana waliokulia ndani yake, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyogeuka kutoka manjano kuwa kahawia, hata kukaribia weusi. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, ambako mizinga ya magogo ingali inatundikwa mitini, sega hukatwa pamoja na asali yake, hivyo kila mavuno huacha masega mengi. Mrinaji anayeyatupa baada ya kukamua asali hutupa zao la pili la mzinga wake.

Mshumaa hudai nta safi kwa sababu ya utambi. Joto la mwali huyeyusha nta, nta hupanda katika nyuzi za utambi, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Chembe za uchafu huziba nyuzi, mwali ukafifia na hatimaye kuzimika. Maji yaliyobaki ndani ya nta nayo huufanya utambi utatarike na kurusha matone ya moto.

Usafishaji wa nyumbani hutegemea tabia tatu za nta. Huyeyuka katika nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, joto lililo chini sana ya lile la maji kuchemka. Haichanganyiki na maji. Tena ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Asali, kinyume chake, huyeyuka majini, na takataka nyingi huzama. Sufuria moja ya maji ya moto hutosha kuvitenga vyote hivyo.

Chombo kinachofaa ni sufuria ya alumini au ya chuma cha pua. Chuma cha kawaida, shaba na ndoo ya bati huitia nta rangi isiyotoka. Maji bora ni ya mvua. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huweza kuifanya nta ishikamane na maji na kuwa rojo laini kama sifongo. Yakiwa hayo tu ndiyo yanayopatikana, huongezwa siki au ndimu kidogo.

Kazi huanza kwa kuchambua. Masega mapya na vifuniko vya asali hutoa nta nyingi ya manjano, ilhali masega makuukuu ya majana hutoa kidogo na yenye giza. Kila aina huyeyushwa peke yake. Masega huvunjwavunjwa na kuoshwa kwa maji baridi ili asali iondoke. Maji hayo matamu hayana haja ya kumwagwa, kwani huweza kutengenezewa wanzuki. Kisha masega huloweshwa usiku kucha, ili maganda ya majana yanywe maji na yasije yakanywa nta.

Baada ya kulowa, masega hutiwa katika mfuko wa kitambaa cha pamba, mdomo ukafungwa, na mfuko ukazamishwa kwa jiwe katika sufuria iliyojazwa maji nusu. Moto uwe wa wastani: nta ikipita nyuzi joto 85 huanza kupoteza rangi na harufu yake. Mfuko hubonyezwa kwa mwiko mara kwa mara. Nta hupenya na kuelea, makapi yakabaki ndani. Mfuko huondolewa, sufuria hufunikwa na kuzungushiwa blanketi ili ipoe polepole hadi asubuhi. Upoaji huu wa taratibu huzipa chembe ndogo muda wa kuzama. Nta inayopozwa haraka hupasuka na kuganda na uchafu wake.

Asubuhi bonge la nta huwa limejitenga na kingo. Chini yake huwapo utando wa kahawia, ambao hukwanguliwa kwa kisu. Bonge hilo halirudishwi motoni likiwa limeziba maji, kwa kuwa mvuke ukikosa njia huweza kurusha nta ya moto nje ya sufuria. Hutolewa, likakatwa vipande, likayeyushwa tena katika maji masafi na kuachwa ligande. Kwa kawaida mara mbili au tatu hutosha.

Hatua ya mwisho ni kukausha na kuchuja. Vipande vikavu huwekwa katika chombo kidogo kilichosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta ikayeyuka bila kuguswa na maji wala moto. Huachwa itulie, kisha huchujwa kwa kitambaa kizito, na mashapo ya chini hayamiminwi. Nta haiyeyushwi juu ya moto mtupu, kwa maana ikipata joto kali huwaka. Ikishika moto, jiko huzimwa na chombo hufunikwa kwa mfuniko. Maji hayamwagwi kamwe, kwani hutawanya moto. Kazi hii hufanywa pia mbali na mizinga, au jioni, kwa sababu harufu ya asali huwaita nyuki.

Nta iliyo tayari kwa mishumaa, ikiyeyuka, huonyesha kitako cha chombo bila wingu. Ikiganda huwa na rangi moja juu hadi chini na harufu nyepesi ya asali. Huhifadhiwa pakavu, mbali na mafuta ya taa na dawa za wadudu, kwa kuwa hunyonya harufu na kemikali. Ikikaa, unga mweupe huweza kuota juu yake. Huo si ukungu wala dalili ya kuoza, na hufutika kwa kitambaa laini.