Mwanamke Kazini na Uchovu wa Akili

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja nisiyopenda kuitaja, karani mwenye mtoto mchanga alianza kukosea hesabu. Asubuhi vitabu vyake vilikuwa safi. Ifikapo alasiri tarakimu zilipinduka na barua zikapotea. Wakubwa walisema kwamba amekuwa mzembe. Aliandikiwa barua ya onyo, nami nilikuwemo katika kikao kilichoipitisha, wala sikutamka neno, ijapokuwa mambo haya nilikuwa nimeyasomea ng'ambo na kuyafanyia mtihani.

Uzembe ni tabia, lakini uchovu wa akili ni hali iliyomo mwilini, nayo hupimika. Msomaji atakumbuka kutoka somo la Biolojia kwamba mtu anapokabiliwa na tishio au kazi nzito, neva pamoja na tezi za adrenali zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini na noradrenalini. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huongezeka katika damu. Hayo humwezesha mtu kutenda kazi. Madhara huanza pale mwili unapokosa nafasi ya kurudia utulivu wake: usingizi hupungua, kumbukumbu hulegea, na hasira huwa karibu.

Mwaka 1989 Marianne Frankenhaeuser, mwanasaikolojia wa Sweden, na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa kike na wa kiume wa kampuni ya magari ya Volvo. Hawakuwapima kazini tu, bali hata jioni nyumbani. Tofauti kubwa ilijitokeza baada ya saa za kazi. Miili ya mameneja wanaume ilianza kutulia; noradrenalini ya mameneja wanawake ilizidi kupanda. Kwao mlango wa nyumbani ulikuwa mlango wa zamu ya pili. Na hiyo ni Sweden, ambako hakuna anayesubiri maji kisimani wala kupuliza mkaa!

Robert Karasek wa Marekani alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1979, kwamba wingi wa kazi huielemea akili zaidi pale mfanyakazi anapokosa usemi juu ya kazi hiyo. Muuguzi asiyeweza kubadilishana zamu, au mwalimu mwenye vipindi mfululizo pasipo kuulizwa, yumo katika hatari hiyo.

Kwa hiyo sioni faida kubwa ya semina za kuwafundisha wanawake uvumilivu; wanao wa kutosha. Msaada uanzie kwenye ratiba. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humruhusu kunyonyesha wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Lakini karani wetu alikaa Mbagala na ofisi ilikuwa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Saa mbili hizo zingeishia ndani ya basi. Chumba kidogo chenye mlango unaofungika, na ruhusa ya kuingia mapema na kutoka mapema, vingemfaa kuliko barua yetu.

Kuna wakati ratiba pekee haitoshi. Huzuni na kukata tamaa vikidumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, nayo hutibiwa hospitalini. Mkubwa wa kazi atoe ruhusa kama anavyoitoa kwa malaria, bila minong'ono.

Wanafunzi wanaweza kufanya uchunguzi mdogo. Kwa idhini ya mama au mlezi wa kike, chora jedwali la saa 24 kwa siku saba. Andika muda wa kazi ya kipato, wa kazi za nyumbani, wa usingizi, na wa mapumziko ambayo hakuna aliyemwita. Mfanyie vivyo hivyo mwanamume wa nyumba hiyo hiyo. Muda uandikwe papo hapo kwa kutazama saa, maana ukimwuliza usiku atakuambia kwamba alipumzika wakati anachambua mchele.