Mazuku: mambo ya kufundisha watoto mbele ya kwenda shambani

Katika maeneo ya Goma na Sake, Kivu ya Kaskazini, kuna mahali ambapo hewa yenyewe inaua. Wakaaji wanaiita mazuku. Ni gazi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, katika mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu ya kuonya mtu. Sababu iko nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia.

Mtoto iko mfupi. Pale mtu mkubwa anaweza kupita, kichwa cha mtoto kinabakia ndani ya gazi.

Basi wazazi waonyeshe watoto mahali hapo mchana, wakisimama mbali. Wasichunge mbuzi humo, wasitafute kuni humo. Ndege ao panya waliokufa ndani ya shimo ni alama.

Na neno kubwa: mwenzako akianguka humo, usishuke kumuinua, utaanguka juu yake. Piga kelele, ita watu wakubwa. Nao wamvute kwa kamba ao mti mrefu, wakibakia juu.