Kambini Juu ya Barafu: Utangulizi kwa Anayeanza

Taaluma unayoiingia inachunguza hali ya hewa ya kale kwa kutumia barafu, na vitabu vyake vingi huanza na grafu. Mimi naomba tuanzie kambini, kwenye hema, jiko, koleo na zamu za kazi. Kila nambari utakayokutana nayo huko mbele ilitolewa ardhini na watu waliokuwa wakiishi kwenye baridi kali, na ubora wake unategemea sana namna walivyoishi na kufanya kazi siku hiyo. Ukiyajua maisha yao, utazisoma grafu hizo kwa jicho jingine.

Kwanza tuondoe utata unaowasumbua wengi. Ncha ya Kaskazini iko baharini. Juu yake maji yameganda, na nchi kavu imeizunguka. Huko ndiko waliko dubu weupe. Ncha ya Kusini iko ndani ya bara zima, Antaktika, ambalo ukubwa wake ni kilomita za mraba milioni 14 hivi, karibu mara 15 ya Tanzania. Karibu lote limefunikwa na barafu ambayo unene wake kwa wastani hukaribia kilomita 2. Halina wenyeji. Wanaokaa huko ni watafiti na wanaowahudumia, chini ya Mkataba wa Antaktika uliotiwa saini mwaka 1959, ambao umelitenga bara hilo kwa ajili ya amani na sayansi. Sisi tutakwenda kusini.

Huenda unajiuliza barafu inawezaje kutunza kumbukumbu. Mahali ambapo theluji haiyeyuki hata kiangazi, theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana. Ni kama kanga zilizopangwa sandukuni: ya chini ndiyo ya zamani. Uzito wa tabaka za juu huishindilia theluji ya chini mpaka ikawa firni, yaani theluji kuukuu iliyokazana, lakini ambayo hewa bado hupenya kati ya chembe zake. Ikishafika kina cha mita 50 hadi 100 hivi, mianya hiyo huziba na hewa hunaswa ndani ya viputo. Hewa iliyo katika viputo hivyo ni ile ile iliyokuwapo duniani wakati mianya ilipoziba. Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya taaluma hii imesimama juu yake. Kiasi cha kaboni dayoksaidi cha zama zilizopita hatukikisii. Tunavunja kiputo na kukipima.

Ili kuifikia barafu ya chini, watafiti hutumia keekee kubwa iliyo tupu katikati. Keekee hiyo hukata duara na kuacha kipande kirefu cha mviringo ndani yake. Kipande hicho nitakiita gogo la barafu.

Mfano tutakaoufuata ni kambi ya WAIS Divide katika Antaktika ya Magharibi, takriban kilomita 1,600 kutoka McMurdo, kituo kikubwa cha Marekani. Mahali hapo palichaguliwa kwa uangalifu. Theluji huanguka kwa wingi, kiasi cha kuongeza zaidi ya sentimita 20 za barafu kila mwaka, kwa hiyo tabaka za miaka ni nene vya kutosha kuhesabika moja moja. Uchimbaji wa gogo kuu ulianza mwaka 2006, ukafika kina cha mita 3,405 mwezi Desemba 2011. Tabaka za miaka zilihesabika kurudi nyuma hadi miaka 31,000 hivi, na barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka ipatayo 68,000.

Kazi hufanyika Novemba hadi Januari, kiangazi cha kusini, wakati ndege zenye skii zinapoweza kutua juu ya theluji. Usidanganywe na neno kiangazi. Nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Watangulizi wakishuka kwenye ndege huanza kwa kuitafuta kambi yenyewe. Theluji inayopeperushwa na upepo hurundikana nyuma ya kila kilichosimama, na kwa miezi ya baridi huweza kufukia pipa, hema, hata jengo. Ndiyo maana mizigo inayoachwa hupangwa juu ya matuta marefu ya theluji na kuwekewa bendera kwenye miti ya mianzi. Siku za kwanza za mtaalamu mwenye shahada ya juu hupita akizoa theluji kwa koleo, na hakuna anayesamehewa kazi hiyo.

Hapa msomaji wetu, aliyezoea kuhesabu saa tangu jua lichomoze, atauliza: saa moja asubuhi ni saa ngapi? Jua la kiangazi halichwi kwa miezi. Huzunguka tu angani. Kambi hufuata saa za New Zealand, kwa kuwa watu na mizigo hutoka Christchurch, mji wa nchi hiyo, kupitia McMurdo. Na anayeuliza kuhusu sala, wanazuoni wengi huelekeza kukadiria kwa nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana, au za Makka. Mwili nao una ukaidi wake: saa sita za usiku hema linang'aa kama adhuhuri, na watu hulala wamejifunga kitambaa machoni.

Maji ndiyo yatakayokushangaza zaidi. Umesimama juu ya akiba kubwa kuliko zote ya maji baridi duniani, na huna la kunywa mpaka uwashe jiko. Theluji ya kunywa huchotwa joshini, upande upepo unakotokea. Choo, mafuta na mitambo huwekwa demani, upepo unakoelekea. Utaratibu huo unalinda afya, na unalinda sampuli pia, maana masizi ya jenereta huonekana kwenye vipimo. Mpishi mzoefu hajazi theluji kwenye sufuria tupu. Huacha maji kidogo chini, kisha huongeza theluji taratibu. Akiiweka kavu juu ya moto mkali, sufuria huungua na maji hunuka moshi. Sufuria iliyojaa theluji huishia na maji kidogo mno, kwa hiyo kazi hiyo haiishi. Nayo hewa ni kavu sana, watu hupoteza maji kwa kupumua tu, na asiyejilazimisha kunywa huumwa kichwa kabla hajahisi kiu.

Kuhusu mavazi, mgeni huogopa baridi, mwenyeji wa kambi huogopa jasho. Nguo ikilowa, ukisimama kupumzika joto la mwili hutoka mbio. Kwa hiyo huvaliwa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na mtu huvua moja kabla ya kushika koleo. Miwani ya jua si pambo, kwani mwanga unaoakisiwa na theluji huunguza macho.

Sasa tuingie kwenye banda la kuchimbia. Mtambo huzunguka kwa zamu, usiku na mchana. Keekee huteremshwa kwa waya, hukata mita chache, hupandishwa, na gogo husukumwa polepole juu ya meza. Chumba hicho hupozwa kwa makusudi, kwa sababu gogo likipata joto gesi zake huweza kuvuja. Wanaolipokea hulipima, huliandika namba na mshale wa upande wa juu, na hulikata vipande vya mita moja. Mshale ukisahaulika, mpangilio wa miaka huweza kugeuzwa kichwa chini.

Kati ya mita 500 na 1,300 hivi kuna barafu dhaifu, yaani barafu ambayo viputo vyake vimebanwa kwa nguvu kubwa. Ikifika juu, ambako hakuna tena uzito wa kuikandamiza, hupasuka kwa mlio. Dawa yake ni subira: magogo hayo yaliachwa kambini mpaka msimu uliofuata ili yatulie kabla ya kusafirishwa. Kisha husafirishwa kwa ndege ambayo joto la ndani limezimwa, na wahudumu wake husafiri kwenye baridi ile ile inayoihifadhi barafu.

Ukitaka kupima uelewa wako, njoo karibu na nyumbani. Mwaka 2000 mtafiti Lonnie Thompson na wenzake walichimba magogo sita kileleni mwa Kilimanjaro, na mwaka 2002 wakaeleza kwamba barafu ya chini ina umri wa miaka 11,700 hivi. Si wataalamu wote wanaokubali umri huo. Barafu ya Kilimanjaro hupoteza sehemu ya tabaka zake kwa jua kali na hewa kavu, kwa hiyo miaka haihesabiki moja moja kama kule WAIS Divide, na umri wake ulikadiriwa kwa kuilinganisha na kumbukumbu za mahali pengine. Soma hoja za pande zote mbili, kisha jiulize ni kipimo gani kingeweza kuumaliza ubishi huo, na kama barafu iliyobaki kileleni ingetosha kukifanya.